Nusu saa ya hamu

Hamu ya pombe ina ratiba. Aliyezoea kupitia grosari saa kumi na moja akitoka kazini, ubongo wake umeshakariri saa, njia, moshi wa nyama choma na mlio wa kizibo kikifunguliwa. Mate yanajaa hata hajavuta kiti. Ndiyo maana mtu anakaa kijijini wiki mbili bila shida, akishuka tu stendi mjini hamu inamkaba. Nia yake ni ileile, mazingira yamemkumbusha.

Kabla sijaendelea, kuna kuacha pombe kunakoua. Anayeamka akitetemeka mikono na kutokwa jasho, hatulii mpaka azimue, asiache ghafla peke yake nyumbani. Pombe hupoza mfumo wa fahamu kila siku, na ubongo hujiongezea kasi ili kufidia. Pombe ikikatwa ghafla, kasi inabaki bila breki. Mtetemeko huanza saa 6 hadi 12 hivi tangu chupa ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya saa 48, na kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo kati ya siku ya 2 na ya 4. Hospitalini kuna dawa kama diazepamu na vitamini B1. Nenda, hata kama unaona aibu.

Kwa wasio na dalili hizo, kazi kubwa ni nusu saa. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka. Usipoilisha, mara nyingi haizidi dakika 30. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt aliifananisha na wimbi. Tazama saa, itafute hamu ilipo mwilini, kooni, kifuani au kwenye taya, uifuatilie inavyobadilika huku ukipumua taratibu. Ukijikemea "sitaki kuifikiria", inarudi na nguvu zaidi.

Kula kabla ya kutoka kazini, maana njaa hujifanya kiu ya bia. Kisha panga kwa sentensi kamili: "Nikikaribia kona ya grosari, napanda bajaji mpaka mlangoni." "Nitajitahidi" haina saa wala mahali, ubongo hauna cha kushika. Ofa ikija, jibu fupi: "Asante kaka, situmii. Niagizie soda." Usisingizie dozi, watakuuliza inaisha lini, na siku hiyo watakuwa wamekuwekea kiti.

Ukiteleza ukanywa moja, ogopa zaidi maneno yanayofuata: "Nimeshaharibu, acha nimalizie." Aibu hiyo ndiyo inayoagiza ya pili, ya tatu, mpaka meza ijae. Lipa, iache chupa ikiwa nusu, ondoka, mpigie anayejua kwamba unaacha. Asubuhi andika: ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, ulikuwa umekula, nani alikuudhi? Usianzie kaunta, rudi nyuma saa kadhaa. Mara nyingi utakuta chakula cha mchana kilichorukwa, au maneno ya bosi uliyoyameza kimya tangu asubuhi.