Mfungo wenye korosho

Vadodara, Gujarat, India. Julai, usiku, mvua haijakatika tangu alasiri.

Nyumba ninayopanga ina mifungo miwili chini ya paa moja. Mwenye nyumba, mjane ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, yaani mama, alifunga Ekadashi, siku ya mfungo ya Wahindu, juzi, na tangu jana ameingia katika miezi minne ya kula mlo mmoja kwa siku. Mjukuu wake wa darasa la tano alianza juzi hiyohiyo mfungo wa siku tano wa wasichana, unaoitwa Gauri Vrat. Bibi aliacha nafaka, mjukuu ameacha chumvi. Kinachowakutanisha ni kopo la chuma lililojaa lozi, zabibu kavu, jozi (walnut), tende, tini na korosho, ambalo siku hizi halitulii kabatini.

Mimi nimelelewa Newala, kusini mwa Tanzania. Kufunga ninakokujua ni kwa alfajiri mpaka magharibi, na mtoto akionekana anatafuna mchana, habari zinamfikia bibi yake kabla hajameza. Kwa hiyo mtu anayekwambia "leo nimefunga" huku ana korosho mdomoni anakupa kazi. Si kazi ya kumhukumu, ni ya kuelewa amejifungia nini hasa.

Ba alinieleza kwa Kihindi cha polepole, anachokitumia kwa ajili yangu tu. Kila mwezi wa mwandamo una Ekadashi mbili, siku ya kumi na moja mwezi unapokua na siku ya kumi na moja unapopungua. Kwa mwaka zinakuwa 24, na ule mwaka wenye mwezi wa nyongeza zinafika 26. Anasimulia kwamba zamani dhambi ilipokosa pa kukaa siku hiyo, ilipewa kibali cha kujificha ndani ya nafaka. Anayekula wali siku ya Ekadashi anakula na mpangaji wake. Basi mchele, ngano, mahindi, dengu na choroko vinawekwa kando mpaka kesho yake asubuhi. Matunda ruksa, maziwa ruksa, lozi na wenzake ruksa, maana hakuna anayeziita nafaka. Karanga nayo imepita, ingawa ni ndugu wa kunde na inachimbwa ardhini. Nilipomuuliza Ba imepitaje, alijibu, "Karanga ni farali." Farali ni chakula cha mfungo, na ukishaambiwa hivyo hakuna rufaa.

Ukiviangalia vizuri, vingi katika vyakula vya farali ni wageni. Viazi, karanga, pilipili, muhogo, korosho: vyote asili yake Amerika, vikaja huku baada ya Wareno kufungua njia za bahari. Nadhani ndiyo maana vilipenya. Waliopanga masharti haya hawakuwahi kuviona, na kitu ambacho hujakiona huwezi kukikataza. Muhogo ndio ulionichekesha zaidi. Wanga wake unafanywa punje ndogo nyeupe zinazoitwa sabudana, zikilowekwa zinavimba na kung'aa, halafu zinapikwa na karanga za kutwanga. Kwetu muhogo tunafuturu nao. Hapa wanafunga nao.

Usiku wa kuamkia Ekadashi Ba huloweka lozi kwenye bakuli la maji. Alfajiri, akishaoga na kuwasha taa ya samli mbele ya picha ya mungu Vishnu, anakaa kwenye kizingiti cha jikoni na kuzibinya moja moja kwa dole gumba na kidole cha shahada. Ganda la kahawia linabaki mkononi, lozi nyeupe inachomoka kwa kasi, mara nyingine inarukia sakafuni. Iliyoanguka hailiwi, inawekwa dirishani kwa ajili ya kindi. Anahesabu lozi tano, jozi mbili, tende moja, anavipanga kwenye kisahani, kisha anafunga kopo. Mfuniko wake unabana kiasi kwamba ukifunguliwa nyumba nzima inasikia. Sidhani kama kopo hilo lilichaguliwa kwa bahati mbaya.

Juzi nilimwambia achukue zaidi, maana kutoka asubuhi mpaka maziwa ya jioni ni mbali, na ana umri wa kutosha kuhurumiwa. Akanijibu, "Dikra, aliyeniruhusu kula hakuniambia nishibe." Dikra maana yake mwanangu.

Jibu hilo limenikaa. Mfungo wetu una mlinzi: jua ndilo linaloshika ufunguo, likizama mlango unafunguka kwa wote, tajiri na maskini, mwenye subira na asiye nayo. Mfungo wa Ba hauna mlinzi wa namna hiyo. Kopo lipo, ruhusa ipo, mchana mzima. Kila anaponyoosha mkono anaamua upya, na hakuna wa kumwambia amefungua au bado. Siwezi kusema upi mgumu zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba ule wa Ba ni rahisi zaidi kuuchezea, na watu wanauchezea.

Mjini utaona. Siku za Ekadashi, na hasa siku tisa za sikukuu ya Navratri, hoteli zinabandika tangazo la sinia la farali: sabudana ya karanga, viazi vya kukaanga, puri za unga wa mbegu za mchicha, mtindi, na halua iliyotapakaa korosho na pista. Madukani kuna pakiti za chevdo ya farali, yaani vijiti vyembamba vya viazi vilivyokaangwa, vikachanganywa na karanga, zabibu, korosho, sukari kidogo na pilipili kidogo. Nimeila. Ni tamu, na hapo ndipo penye tatizo. Gramu 100 tu za lozi au korosho zina kilokalori zaidi ya 550. Mtu akikaa na pakiti mbele ya televisheni anamaliza mfungo akiwa ameingiza zaidi ya siku aliyokula wali. Wanafunzi wenzangu wa Kigujarati wanajicheka wenyewe kwa hilo, kama sisi tunavyojicheka kwa futari za Ramadhani ambazo zinamaliza bajeti ya miezi miwili.

Gandhi alikwisha kuliona. Alizaliwa Porbandar, Gujarat hii hii, mwaka 1869, na alipokuwa Afrika Kusini aliishi kwa muda kwa karanga, ndizi, tende, ndimu na mafuta ya zeituni. Akaja kuandika kwamba ulimi unaweza kudekezwa kwa matunda sawasawa na kwa nafaka, pengine zaidi ukishayazoea. Lakini Ba hamtaji sana Gandhi, anamtaja mama wa Gandhi, Putlibai. Huyo alikuwa anafunga kiasi kwamba mwaka mmoja, katika miezi hii minne ya mvua, aliweka nadhiri ya kutokula mpaka alione jua. Watoto wakawa wanasimama nje kutazama mawingu. Jua likichungulia wanakimbia ndani kumwita mama, akitoka limeshafichwa. Anasema haidhuru, Mungu hakutaka nile leo, anarudi kwenye kazi zake. Mvua za huku nimeziona. Ile haikuwa nadhiri ya mchezo.

Ila mfungo unaonigusa zaidi ni wa mjukuu. Siku kadhaa kabla ya kuanza alipanda ngano kwenye kibakuli cha udongo, sasa majani yamefika urefu wa kidole. Kila asubuhi anayanyunyizia maji, anayapaka unga mwekundu, anayavisha kishada cha pamba. Siku tano hagusi chumvi. Anakula chapati ya ngano isiyo na chumvi, samli, maziwa, matunda, na vilivyomo kwenye kopo. Kwa hiyo kilichokuwa haramu kwa bibi yake juzi, kwake ni halali, na bibi alikula viazi vyenye chumvi ya mawe huku mtoto akimtazama. (Chumvi ya mawe, si ya bahari. Jimbo hili ndilo linalotoa sehemu kubwa ya chumvi ya India, hapa ndipo Gandhi alipotembea mpaka Dandi mwaka 1930 kuokota chumvi ya pwani, lakini siku ya mfungo chumvi hiyo inakaa pembeni. Inayotumika inachimbwa milimani, na kwa miaka mingi ilitoka Punjab ya upande wa Pakistan.)

Jaribu wewe kutafuna chapati baridi isiyo na chumvi ukiwa na miaka kumi, wakati mama yako anakaanga bamia kwa pilipili hatua tatu kutoka ulipo. Hapo utajua kwa nini wazazi wa huku wanajitutumua kununua lozi na pista wiki hii hata kama mwezi mzima hawakuzigusa. Zina ladha zenyewe, hazingoji chumvi. Mtoto anazibeba shuleni kwenye kibati chake, na kumbe wasichana wote wa darasa wanaofunga wana vibati, na kuna soko kamili wakati wa mapumziko: pista mbili kwa tini moja, korosho nzima haibadilishwi na kipande. Jozi hazina mnunuzi kwa sababu ya uchungu wa ngozi yake, zinarudi nyumbani kama zilivyokwenda. Leo Ba alizikuta kwenye kibati akazila yeye, mlo wake wa jioni ukawa umepatikana.

Kwa mila, mfungo huu ni wa kumwomba mungu wa kike Parvati mume mwema. Mtoto ameninong'oneza kwamba yeye ameomba baiskeli, mume atasubiri. Kesho kutwa usiku watakesha, hakuna msichana atakayelala mpaka kupambazuke. Asubuhi vile vibakuli vya ngano vitapelekwa majini, halafu chumvi itarudi. Ameshatoa oda ya chakula cha kwanza: viazi vyenye pilipili nyingi. Nimealikwa kwenye mkesha, nami ndiye mwenye zamu ya kukaanga korosho kavu bila chumvi.

Jirani wa ukuta wa pili ni Mjaini, wa dini nyingine ya huku, naye msimu huu wa mvua mambo yake ni kinyume kabisa. Hagusi zabibu wala tini wala korosho miezi hii, maana unyevu unazaa vijidudu ndani yake na dini yake haimruhusu kuua hata hao. Mtoto wake akija kucheza hapa, kopo linafichwa kwa adabu.

Korosho za mkesha nilikwenda kuzinunua leo, mjini. Duka lina magunia yaliyokunjwa mdomo, kila moja na kibao chake: lozi za Marekani, lozi ndogo za Iran ambazo ni ghali zaidi, jozi za Kashmir, zabibu za Nashik. Korosho ndizo pekee zisizo na nchi. Zina namba: W180, W240, W320. Namba ni idadi ya punje kwa ratili moja, kwa hiyo ikiwa ndogo punje ni kubwa na bei inapanda. Nilimuuliza muuzaji zimetoka wapi, akasema Kerala. Zilibanguliwa Kerala, sawa, au Mangaluru. Lakini viwanda vya huko vinakula korosho ghafi kutoka Afrika, na sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania huondoka Mtwara na ganda lake kuja India na Vietnam. Nikachota mkononi nikazitazama. Punje ikishavuliwa ganda na ngozi haina kabila, huwezi kujua kama uliwahi kupita chini ya mti wake ukiokota mabibo. Muuzaji alidhani nakagua ubora, akanipunguzia bei.

Jioni nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko mnakula?"

Nikamsimulia habari za kopo. Yeye yuko katikati ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, shamba lote ni vumbi la njano, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiwahi maua hakuna tena msimu wa kuzungumzia. Aliuliza bei ya kilo dukani. Nikaigeuza kuwa shilingi, akaniambia nirudie, labda mtandao umekata tarakimu. Nikarudia. Akaanza kutaja mnada mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika ule mwaka 2018, wakulima walipokataa bei ya wanunuzi, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba magunia. Mama akifika hapo huwa harudi haraka, kwa hiyo nilimwacha aseme.

Halafu akauliza, "Na hao watu wanafunga mara ngapi kwa mwaka?"

Nikamhesabia: Ekadashi 24, Navratri, Jumatatu za mwezi wa Shravan unaokuja, Janmashtami ya kuzaliwa Krishna, na hizi siku tano za wasichana.

"Basi waache wafunge, mwanangu. Na hiyo halua yao uwaambie korosho waongeze."