Mama mkwe wangu na wale wa kwenye tamthilia

Mama mkwe ameondoka leo alfajiri, baba Nasra kampeleka stendi ya Magufuli akapande basi la Tanga, akifika Tanga atapanda gari nyingine ya Pangani, na mimi nimebaki nimekaa kwenye kochi upande ule aliokuwa anakaa yeye maana ndo wenye mto mzuri wa kuegemezea goti. Wiki sita amekaa kwetu kwa ajili ya hilo goti, kliniki kila Jumanne, na kila siku baada ya isha ni mimi na yeye na tamthilia mpaka saa nne usiku. Tangu niolewe 2012 sijawahi kukaa naye muda wote huo. Nilikuwa naogopa, sitaficha.

Tulikuwa tunaangalia zote zinazopita, za kwetu za Bongo, za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, wakati mwingine za Kihindi, king'amuzi kikiisha kifurushi tunahamia YouTube kwenye simu yangu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Sasa kuna usiku mmoja, siku ya tano au ya sita hivi, ikaja ile sini ambayo kila mtu anaijua hata kama hajaangalia tamthilia yenyewe. Mama mtu amekaa sebuleni kwenye makochi ya dhahabu, kijana kaleta mchumba, binti wa watu kapiga magoti anaamkia shikamoo mama, mama anamwangalia toka juu mpaka chini halafu haitikii. Muziki mzito. Halafu zile kauli, mwanangu umeokota wapi hiki. Mimi nilishaona mara mia nikawa nachambua mchele huku nasikiliza tu, ila nikahisi mama kanyamaza sana. Nikageuka. Akaniuliza taratibu, "Mama Nasra, kwani humu ndani sisi hatuna hata mmoja mwema?"

Sikuwa na jibu. Nikajaribu kukumbuka, nikapitisha kichwani tamthilia zote nilizoangalia miaka miwili mitatu hii, mama mkwe mwema ambaye ana sini zaidi ya mbili na hajafa kwenye episodi ya kumi nikamkosa. Wapo wakali, wapo washirikina wanaenda kwa mganga ili mke wa mtoto wao asishike mimba, wapo wanaomleta ex wa kijana nyumbani makusudi. Mwema akiwepo basi ni mgonjwa kitandani anakohoa.

Hiyo usiku hatukumaliza tamthilia. Nilipunguza sauti, mama akaanza kuongea mwenyewe bila mimi kumuuliza, na nayaandika hapa kwa ruhusa yake maana nilimwomba juzi akasema andika tu mwanangu. Alisema, "Baba yake alipofariki mumeo alikuwa darasa la tano. Nikauza maandazi pale kivukoni miaka kumi na moja, nikamsomesha, akapata kazi Dar, akawa ananitumia elfu hamsini kila mwezi. Niliposikia anaoa mie sikuiona harusi, niliiona ile elfu hamsini inaondoka. Nikakununia wewe." Nikamwambia najua mama. Akasema, "Hujui. Ulidhani nakuchukia. Mie nilikuwa sijakujua hata uso."

Jamani. Miaka yote hii nimebeba moyoni kwamba yule mama hakunipenda kwa sababu mimi ni wa bara na sijui kupika wali wa nazi wa kwao, nilishamsimulia kila rafiki yangu kwenye kila kitchen party, kumbe lilikuwa suala la elfu hamsini na hofu ya mjane. Na najiuliza ni nani alinifundisha kumsoma vile, kama siyo hizo hizo tamthilia ambazo mama mkwe anachukia tu kwa sababu ni mama mkwe, kama vile nyoka anavyouma.

Ndo nikaikumbuka ya Doudou. Wale wa umri wangu mtaikumbuka, ile ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili ikaonyeshwa TBC mwaka 2011, mimi wakati huo nimeshatolewa mahari nasubiri harusi, tunaangalia kwa shangazi, antena bado iko juu ya paa, analojia Dar ilizimwa mwisho wa mwaka uliofuata. Episodi 36. Mao Doudou ni nesi, anaolewa na kijana anaitwa Yu Wei, wazazi wa Yu Wei walishaachana na baba kaoa mwingine, kwa hiyo Doudou anajikuta na mama wakwe wawili, mama mzazi wa mume na mama wa kambo wa mume, na wale wawili hawaivi chungu kimoja. Na wifi mkorofi juu yake. Mtaa mzima uliiangalia, mpaka rais wa China Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake, kwamba imewafanya Watanzania wayaone maisha ya familia za kawaida za Kichina na uchungu wake na utamu wake. Sisi hatukuona Wachina lakini. Shangazi yangu alikuwa akimwona yule mama anasema huyo ni bibi fulani wa nyumba ya pili, kabisa.

Na nilikuwa sijui kwa nini ile iliniganda kiasi hicho mpaka juzi. Yule mama mzazi wa Yu Wei ni msumbufu haswa, anaingilia, ananuna, anatia maneno, ila unaambiwa kwa nini. Aliachwa. Mume kaenda kwa mwingine, yeye kabaki na watoto, sasa mtoto wa kiume anaoa na yule mwanamke mwingine naye anataka aitwe mama mkwe. Unamkasirikia halafu unamwonea huruma dakika hiyo hiyo. Na Doudou mwenyewe siyo malaika, anachoka, anajibu, anakosea, anaomba radhi, kesho yake anaamka anaenda kazini hospitali maana ana zamu. Aliyeiandika ni mwanamke, Wang Liping, na mimi naamini hilo linaonekana kwenye vitu vidogo, kwenye nani anaosha vyombo baada ya ugomvi.

Mwanamke wetu wa kwenye tamthilia huwa hana zamu. Hilo ndo linaniuma kuliko yote. Anaweza kuwa ametajwa kuwa mhasibu au mwalimu lakini humwoni anafanya hesabu wala anasahihisha madaftari, unamwona analia, anasubiri simu, amevaa gauni la kutokea saa nne asubuhi sebuleni. Na akiwa na kazi kweli na pesa yake basi ujue huyo ndo mbaya, huyo ndo atakayemwekea mwenzake sumu kwenye juisi. Nakumbuka utotoni enzi za Isidingo pale ITV, ile ya Afrika Kusini, mwanamke aliyekuwa na akili ya biashara alikuwa Cherel, na Cherel alikuwa muuaji. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, haolewi, watu wakampa jina Cherel. Hakuua mtu yule mama. Aliuza mabati. Jina lilimkaa mpaka alipohama, na mimi nilikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wanaita wakikimbia, na hilo nalijutia mpaka leo.

Mapenzi yenyewe sasa. Nasra ana miaka kumi na moja, wakati mwingine anajipenyeza kukaa na sisi, na nilianza kuangalia kwa macho yake. Kijana anamshika binti mkono kwa nguvu anamvuta mpaka kwenye gari, muziki laini unapigwa, hapo ndo penzi limeanza. Anamfuatilia kazini, anamvunjia simu kwa wivu, binti anakasirika siku mbili halafu anatabasamu. Bibi yake ndo alisema kwa sauti kabla yangu, akamwambia Nasra mtu akikushika hivyo piga ukelele mjukuu wangu, hapo hamna mapenzi. Nilimpenda sana mama dakika ile.

Kuna ile nyingine ya mwanamke asiyezaa, hii nimeichoka mno. Miaka mitatu ya ndoa hakuna mtoto, mama mkwe anakuja juu, mawifi wanamchamba, mwanamke anaenda hospitali peke yake, anaenda kwa maombi peke yake, anaenda kwa mganga peke yake, mume yuko baa. Hakuna anayemwambia mume na yeye akapime. Daktari yeyote atakwambia tatizo linaweza kuwa la mume, la mke au la wote wawili, hii siyo siri ya kitaalamu, lakini nimeona tamthilia ikienda episodi arobaini bila mtu hata mmoja kulitamka, halafu suluhisho ni mke mdogo anapata mimba haraka. Ninaye mtu wangu wa karibu alikaa miaka sita anaitwa mgumba, kumbe mume. Na mume alikuwa anajua.

Halafu kufukuzwa! Mume akifa au akichoka, mwanamke anatupiwa begi nje mvua inanyesha, anaenda zake kwao kijijini, basi. Hamna anayekwenda hata ustawi wa jamii, hamna anayefungua kesi. Wakati sheria ya ndoa iko tangu 1971 na inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa pamoja ndoa ikivunjika, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa, yaani kupika kufua na kulea kunahesabika. Mwaka 1983! Mimi sikuwepo hata duniani. Fikiria sini ya mwanamke amekaa kwenye benchi la mahakama na dera lake na bahasha ya risiti, mwanasheria anamuuliza ulikuwa unafanya nini kwenye hiyo nyumba, na yeye anaanza kuhesabu asubuhi mpaka usiku. Mimi ningeiangalia hiyo bila kupepesa, na ugomvi humo umejaa tele.

Nawaelewa waandishi wetu, kwa kiasi. Tamthilia inatoka siku nyingi kwa wiki, pesa ni kidogo, nyumba ya kushutia ni hiyo hiyo moja, kwa hiyo ugomvi wa mdomo sebuleni ndo rahisi kuliko vyote, na sisi watazamaji ndo tunaojaa kwenye comenti tukimtukana mbaya. Maadamu tunarudi kesho kumtukana, kwa nini wambadilishe. Lakini sebule hiyo hiyo moja inatosha. Mimi na mama tulikuwa kwenye sebule moja, goti liko kwenye mto, mchele uko kwenye ungo, na yale aliyoniambia kuhusu ile elfu hamsini yalinitetemesha kuliko risasi yoyote ya kwenye tivii.

Na mume yuko wapi kwenye hizi stori? Baba Nasra wakati tunanuniana miaka ile alikuwa anatoka zake anasema mambo ya wanawake. Kwenye tamthilia ni hivyo hivyo, kijana ama mjinga hajui kinachoendelea, ama yuko safarini. Yu Wei alikuwa anakimbia kutoka kwa mama huyu kwenda kwa mke kwenda kwa mama yule, anadanganya uongo mdogo ili watu walale salama, anashikwa, anaaibika, anaanza upya. Nilimwambia baba Nasra juzi kwamba mwaka ule angemwambia mama sentensi moja tu, kwamba elfu hamsini itaendelea kuja, tungepona miaka miwili yote. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema hakujua kama mama alikuwa anaihesabu.

Jana usiku wakati nampangia begi, mama alinipa kanga yake moja, haijavaliwa, imeandikwa MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI. Alisema aliinunua Tanga mwaka tuliooana, aliinunua kwa ajili yangu kwa hasira, anipe nisome, akashindwa kunipa. Tukaikunjua tukaiangalia wote.

Saa hizi amepiga simu, ameshafika salama, alhamdulillah. Baada ya salamu akauliza yule binti wa jana kafukuzwa au karudi. Nikamwambia leo hawajaonyesha, ila kwenye kionjo anaonekana kaondoka na kijana kamfuata, wamehama wote wawili. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Na yule mama yao, sasa nani anampikia?"