Samaki wangu na joto la Dar: nilivyoachana na barafu

Nina tangi la lita 90 sebuleni, Sinza, lina goldifishi wanne, na kama unaijua Dar mwezi wa pili basi hata mtu anachemka sembuse samaki. Hawa ni wa maji ya baridi, digrii 18 mpaka 24 ndo raha yao, sasa saa tisa mchana themometa inasoma 32 na wote wako juu wanatweta, midomo nje. Mi nikadhani njaa, nikawaongezea chakula. Ujinga huo. Maji yakipata moto oksijeni inapungua, afu mabaki ya chakula yanavyooza yanamaliza hata ile kidogo iliyobaki.

Nikahamia kwenye barafu, chupa za nusu lita nagandisha kwenye friza naziacha zielee zikiwa zimefungwa. Siku ya kwanza kwa kiherehere nikatumbukiza nne kwa mpigo, joto likashuka kama digrii mbili fasta, mmoja akalala kwenye changarawe kabana mapezi mpaka usiku, nikajua huyu ndo basi. Hakufa, ila kufika magharibi joto limerudi karibu palepale, na nikiwa kazini nani atabadilisha chupa?

Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga, ananiangalia tu navyokimbizana na friza. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani maji ya mtungini yanapozwa na friji gani?" Nikacheka, afu nikanyamaza. Mtungi unatoa jasho, jasho likikauka linaondoka na joto. Nikapiga hesabu, kumbe lita moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba joto sawa na chupa zangu kama kumi za barafu! Na mi tangi nimelifunika kioo na taa juu yake, yaani jasho nimelizibia kabisa.

Nikatoa kioo. Nikachomoa feni ya kompyuta mbovu, ni ya volti 12, nikaiunga na adapta ya ruta ya zamani yenye volti hizohizo, nikaifunga vizuri ukingoni isije ikadondokea majini, ikiinama kidogo ipulize juu ya maji. Juu nikatandika kipande cha chandarua wasiruke. Taa naiwasha jioni tu, pampu ya hewa haizimwi, na dirisha liwe wazi la sivyo mvuke unabaki humohumo ndani. Kesho yake saa tisa, 28 na nusu. Sio 24, najua, ila samaki wako chini wanachokoa changarawe. Siku ya mvua hewa ikiwa nzito inagoma kwenye 30, hapo feni haina ujanja.

Kero yake ni maji kupungua, zaidi ya lita moja kwa siku, najazia yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Na kujazia sio kubadilisha, chumvichumvi zinabaki tangini, kwahiyo kila wiki bado natoa robo naweka mapya.

Umeme ukikatika ndo narudi kwenye chupa, moja moja, huku nachota maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa. Juzi nilifanya hivyo hadi saa sita usiku, mama kanishikia tochi ya simu, anauliza hawa wanafikia saizi ya kukaanga lini.