Honda CG125 ya Baba Mdogo

Jioni zangu siku hizi ni za pikipiki moja tu: Honda CG125 ambayo baba mdogo aliitumia katika kazi ya ugani vijijini Muheza, akainunua kwenye mnada wa idara alipokaribia kustaafu, na mwaka huu akanikabidhi. Injini yake ni nzima na sikusudii kuigusa. Honda walipoitoa aina hii mwaka 1976 walikuwa wamewafikiria watu wa barabara mbovu na matengenezo ya nadra, ndiyo maana valvu zake husukumwa kwa fimbo, mtindo wa kizamani lakini mvumilivu, na bodaboda nyingi za Kichina zinazopita barabarani kwetu leo zina injini zilizoigwa kutoka kwake. Kilichochakaa ni sura, na hiyo ndiyo kazi niliyojipa.

Hapa Tanga adui wa kwanza ni hewa ya chumvi. Ringi, ekzosi na usukani vilikuwa vimejaa vidoa vya kahawia, na jirani mmoja alinihimiza nitumie brashi ya waya ili nimalize haraka. Sikukubali. Kinachong'aa pale ni utando mwembamba sana wa kromu uliolazwa juu ya nikeli, na kutu hutokea chini yake, kwenye chuma, ikipenya katika matundu madogo mno. Ukiuchuna utando huo, umeifungulia kutu mlango. Ninachotumia ni karatasi ya alumini ya jikoni, niliyoikunja na kuichovya majini, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu na huiondoa kutu bila kuacha mikwaruzo. Pale ambapo chuma kimekwisha kuliwa, tundu hubaki, nami nimeliziba kwa nta na kuridhika nalo.

Kava la cheni, ambalo katika pikipiki hii huifunika cheni nzima na kuikinga na vumbi, nimelisugua kwa msasa wa maji, kwanza namba 400 kisha 800, nikalipaka praima, yaani rangi ya msingi, na kulipulizia rangi nyeusi. Pwani rangi ya kupuliza inataka subira ya pekee. Tina, yaani kiyeyusho kilichomo kwenye rangi, inapokauka kwa kasi huupoza uso wa chuma, na unyevu wa hewa hutua juu ya rangi mbichi na kuacha ukungu mweupe kama maziwa. Kwa hiyo huwa napuliza kabla ya adhuhuri, jua likiwa limekwisha kukausha umande, tena chini ya kivuli, tabaka jembamba baada ya jingine, nikiwa nimefunika pua na mdomo kwa barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi. Siku ya mawingu mazito sishiki kopo kabisa.

Tangi ndilo lililonifikirisha kuliko vyote. Rangi yake nyekundu imefifia juu, na pembeni, mahali ambapo magoti ya baba mdogo yaligusa kwa miaka, imelika hadi praima inaonekana. Fundi ninayemheshimu ameniambia kwamba bila kulipaka upya lote sitapata bei nzuri, na kwa mtu anayeuza maneno yake ni ya kweli. Mimi siuzi. Naamini kwamba pikipiki ya kazi ina haki ya kuonekana kuwa ilifanya kazi, na kwamba kutunza ni kuzuia uharibifu usiendelee, wala si kufuta kila alama ya mwenyewe. Hivyo nimetoa petroli yote, nikaliosha tangi kwa maji na sabuni, maana mvuke unaobaki katika tangi tupu hulipuka upesi, kisha nikatibu kutu iliyokuwa kwenye mshono wa chini peke yake. Rangi ya juu nimeisugua kwa polishi hadi wekundu wake ukarudi kwa kiasi, na palipolika nimepakinga kwa nta.

Namba ya idara iliyoandikwa kwa mkono kwenye kava la pembeni nayo itabaki. Imebaki siti, ambayo kitambaa chake kimepasuka na sifongo imeoza. Wiki ijayo itakwenda kwa fundi wa makochi, na nimekwisha mwomba atafute ngozi ya plastiki nyeusi isiyong'aa, yenye mishono ya kukata upana kama ile ya zamani.