Wimbo wa Mahafali na Hukumu ya Brooklyn

Tarehe 27 Septemba 2021, wazee wa baraza katika mahakama ya shirikisho ya Brooklyn, New York, walimtia hatiani mwimbaji wa Marekani Robert Sylvester Kelly, ambaye dunia inamfahamu kama R. Kelly, kwa mashtaka yote tisa yaliyokuwa mbele yao, na mwezi Juni mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Habari hizo nimezirudia wiki hii kwa sababu ya jambo la hapa hapa mtaani. Kamati ya mahafali ya darasa la saba, ambayo mimi ni mjumbe wake, imeletewa pendekezo kwamba watoto waimbe wimbo wa R. Kelly, "I Believe I Can Fly", wakati wa kupokea vyeti.

Aliyelileta ni mzazi mwenzetu ninayemheshimu, na nilipoonyesha kusita alinijibu kwa upole, "Dada yangu, wimbo haujamdhuru mtu. Aliyedhuru yuko jela." Jibu hilo nimetembea nalo kichwani tangu siku ile, kwa kuwa si la kupuuzwa. Wimbo ulitoka mwaka 1996 pamoja na filamu ya Space Jam, ukapata tuzo tatu za Grammy mwaka 1998, na huku kwetu ukaingia kwenye makwaya, kwenye harusi na kwenye kila sherehe ya shule iliyokuwa na kinanda cha kuazima. Mtu aliyeuimba akiwa kidato cha nne, mama yake akimfuta jasho kwa pembe ya kanga, ana haki na kumbukumbu hiyo. Hakuna mahakama inayoweza kumnyang'anya, wala mimi sina nia hiyo.

Nakubali pia kwamba zipo kazi ambazo zimeachana kabisa na makosa ya waliozifanya. Mchoraji Caravaggio alimuua Ranuccio Tomassoni mjini Roma mwaka 1606, akakimbia, na miaka miwili baadaye, akiwa Malta, akachora kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, mchoro ambao bado uko katika kanisa la Mtakatifu Yohana mjini Valletta. Jina lake alilitia katika rangi ya damu inayomwagika kutoka shingoni mwa mtakatifu. Muuaji alikufa mwaka 1610. Anayesimama leo mbele ya mchoro ule hamlipi wala hampi nguvu ya kumkaribia mtu mwingine, na kama moyo unamsisimka, basi na usisimke.

Kwa R. Kelly nimeshindwa kufika hapo, na kilichonizuia ni hati ya mashtaka. Shtaka kuu lilikuwa la kuendesha genge la uhalifu, chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1970 iliyolenga mafia, na genge lenyewe lilikuwa ni mameneja wake, walinzi, madereva na wasaidizi, yaani watu walewale waliomwezesha kupanda jukwaani. Waendesha mashtaka walieleza kwamba kundi hilo lilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuutangaza muziki na jina la R. Kelly, na kumtafutia wanawake na wasichana kwa ajili ya ngono iliyo kinyume cha sheria. Wazee wa baraza walikubali. Sisi tunaobishana kwenye vibaraza kama kazi na mtu vinatengana tungefanya vyema kukumbuka kwamba mahakama, iliyosikiliza ushahidi kwa wiki kadhaa, iliutafuta mshono kati ya kazi na mtu na haikuuona.

Ushahidi wenyewe ndio unaonikosesha raha. Shahidi wa kwanza alikuwa shabiki: akiwa bado msichana wa shule alikwenda kumuunga mkono nje ya mahakama ya Chicago mwaka 2008, wakati wa kesi ya awali ambayo R. Kelly aliachiwa huru. Mwaka uliofuata alijikuta nyumbani kwake, akamwonyesha kitambulisho kilichothibitisha kwamba ana miaka 16, naye akamwambia awaambie watu ana miaka 19 na ajiendeshe kama mtu wa miaka 21. Kilichomfikisha msichana yule mlangoni ni nyimbo. Shahidi mwingine, aliyekuwa akijifunza kazi ya redio, alieleza kwamba mwaka 2003 alifuata mahojiano aliyoahidiwa, akaishia kufungiwa kwa siku kadhaa ndani ya studio ya Chicago. Kuna watu waliozoea kusema kwamba studio ni mahali patakatifu pa msanii. Napenda wamsome binti huyo kwanza.

Halafu kuna mwimbaji Aaliyah. Mwaka 1994 alitoa albamu yake ya kwanza, iliyoandikwa na kutayarishwa na R. Kelly, ambayo jina lake lilisema kwamba umri ni namba tu. Mwaka huohuo mtayarishaji huyo, aliyekuwa na miaka 27, alifunga naye ndoa wakati binti ana miaka 15, kwa hati iliyodai ana miaka 18, na huko Brooklyn meneja wa zamani wa ziara za R. Kelly alikiri kumhonga mtumishi wa ofisi ya ustawi wa jamii ili kitambulisho cha uongo kipatikane. Nani atanionyesha hapo kazi inaishia wapi na kosa linaanzia wapi?

Sisi wasikilizaji hatukuwa mbali kama tunavyopenda kudhani. Mashtaka ya Chicago yalifunguliwa mwaka 2002, na katika miaka sita ya kusubiri hukumu jina lake lilizidi kupaa badala ya kufifia. Mwaka 2010 walikusanywa wasanii wa nchi nane za Afrika, wakiwemo Alikiba wetu, Amani wa Kenya, Navio wa Uganda na Fally Ipupa wa Kongo, wakarekodi wimbo mmoja naye kule Chicago. Siwalaumu hata kidogo wasanii hao, kwani mtu yule alikuwa ameachiwa huru na mahakama na mlango ule haukufunguliwa kwa kila kijana wa Afrika. Nasema tu kwamba kila shangwe, ikiwemo ya kwetu, iliongeza urefu wa jukwaa ambalo wasaidizi wake walikuwa wakichagulia wasichana.

Mzazi mwenzangu anaweza kunibana kwa jambo moja ambalo bado linanisumbua. Mwezi Agosti 2023 jaji wa Brooklyn aliamuru kampuni ya muziki ya Universal itoe zaidi ya dola 500,000 kutoka kwenye mirabaha ya R. Kelly ili zilipie fidia za waathirika na faini. Kwa hesabu hiyo, anayeusikiliza wimbo anachangia fidia, na anayeuzima anawapunguzia. Hesabu ni ya kweli, ila deni la fidia lina mwisho na mirabaha haina, na hakuna mwathirika aliyetuomba tumchangie kwa kuimbisha watoto.

Kwa hiyo nimefikia uamuzi wenye pande mbili zisizolingana, na sitajitahidi kuzilinganisha. Mtu akiusikiliza wimbo huo peke yake kwenye simu yake, hilo ni lake na Mungu wake, na simu ya mtu mwingine siipekui. Spika ya shule ni jambo jingine. Tukimsimamisha mtoto wa miaka 13 mbele ya wazazi wote, tukampa maneno ya kuimba, tunakuwa tumemwambia kwamba sauti hii ni salama kuifuata, na wasichana waliotoa ushahidi Brooklyn waliifuata sauti hiyohiyo wakiwa hawajamzidi sana umri. Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati kwamba napinga pendekezo, nikaeleza sababu hizi kwa kirefu, nikaomba pia zisomwe mbele ya mzazi aliyelileta ili apate nafasi ya kunijibu. Mwenyekiti amejibu kwamba kikao ni Jumamosi na kwamba mwalimu wa kwaya aje na nyimbo mbili za Kiswahili, mojawapo ikiwa imetungwa na wanafunzi wenyewe.