Mbegu zinarudi, na bado zina maji

Bukavu, mashariki mwa Kongo, katikati ya Januari

Wiki hizi meza ya maktaba ya mbegu, mahali watu wanapokopa mbegu na kuzirudisha baada ya mavuno, imejaa vikombe, vifuko na chupa za maji zilizokatwa shingo. Ni maharagi ya sezoni A. Yalipandwa Septemba mvua ilipoanza, sasa yamevunwa, na waliokopa wanarudisha. Shida ya Januari anaijua kila anayelima kutoka Kabare hadi Walungu: maharagi yanaiva mvua ikiwa haijaondoka, na sezoni B inadai mbegu kuanzia katikati ya Februari. Kati ya kurudisha na kukopesha tena kuna mwezi mmoja tu, na ndani yake mbegu inapaswa kukauka, kuchambuliwa, kupimwa na kuandikwa.

Kanuni ni fupi: chukua kikombe 1, rudisha 2. Ila kikombe hakisemi kilichomo, na hapo ndipo fikra zinapokwama kila mwaka.

Mlimaji wa Kivu hapandi aina moja ya maharagi. Kikapu kimoja kinaweza kuwa na aina kumi na zaidi: mekundu, meupe, ya manjano, meusi madogo, yenye madoadoa, yale mafupi na yale yanayopanda juu ya miti. Mgeni anaona vurugu, kumbe ni mpango. Kuna aina inayostahimili mvua nyingi, kuna inayowahi kuiva mvua ikikatika mapema, na ugonjwa ukipita shambani hauzili zote kwa kiasi kimoja. Haragi lenyewe lilitoka Amerika na kufika Afrika kwa meli za Wareno, baada ya mwaka 1500. Katika milima hii akina mama wameupanga mchanganyiko wake kwa mkono, sezoni kwa sezoni, bila daftari.

Ndiyo maana tunasita kuutenganisha. Kishawishi cha kila maktaba ni kupanga rangi kwa rangi, kila moja na kopo lake na namba yake. Benki za mbegu hufanya hivyo. Ile kubwa ya maharagi iko Palmira, Kolombia, na nakala za mbegu za dunia nzima zinahifadhiwa Svalbard, Norwe, katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, tangu 2008. Huko mbegu inaweza kulala miaka mingi. Sisi tuna kabati, makopo ya maziwa ya unga na hewa ya nyuzi 20 hivi. Mbegu yetu haina budi kurudi udongoni karibu kila mwaka, na inayorudi udongoni ni bora irudi pamoja na ndugu zake. Kwa hiyo mchanganyiko wa mtu mmoja unaandikwa kama mbegu moja, na badala ya kuutenganisha tunauhesabu.

Kuhesabu ni hivi. Koroga kikombe kizima, chota bila kuchagua, hesabu punje 100 juu ya sinia, kisha zipange kwa rangi na umbo. Andika kila kundi lina punje ngapi. Zikirudi, hesabu tena na ulinganishe na karatasi ya mwanzo. Tahadhari moja: punje 3 dhidi ya punje 6 inaweza kuwa bahati ya kiganja tu. Rudia mara tatu kabla ya kusema aina fulani inapotea. Ikishuka kweli chini ya 5 katika 100, iteue, ipande peke yake sezoni moja, halafu irudishe kwenye kikapu chake.

Mara nyingi kinachoipoteza si ugonjwa. Mekundu makubwa yanauzika, meusi madogo hayauziki. Yale ya kupanda juu yakikosa miti yanalala chini na kuoza. Na tuseme ukweli: kinachorudishwa maktaba mara nyingi ni kile kilichobaki baada ya sufuria na soko la Kadutu kuchukua chao. Mtu anakula mazuri, anauza mazuri, anarudisha mabaki. Mama anayeleta mabaki hana nia mbaya, amechagua tu kwa kuchelewa. Mbegu huchaguliwa shambani, mmea ukiwa bado na majani. Funga uzi kwenye mashina 20 au 30 yenye afya, ya kila aina, na maganda ya mashina hayo yasiguswe kwa ajili ya chungu.

Uzi huo una sababu ya pili. Ugonjwa wa madoa meusi yaliyobonyea kwenye maganda, antraknosi, unapenda baridi na unyevu wa milima, na unasafiri ndani ya punje. Punje iliyougua sana ina doa la kahawia unaloweza kuliona na kulitoa. Iliyougua kidogo inapita mezani kama nyingine. Virusi vya mozaiki, vinavyokunja majani na kuyapa mabaka ya kijani hafifu, haviachi alama yoyote kwenye punje. Kwa hiyo hakuna macho makali yanayoweza kufanya hapa mezani kazi ambayo ilipaswa kufanywa shambani mwezi mmoja uliopita. Tunaweza kuuliza tu: majani yalijikunja? Jibu likiwa ndiyo, hayo ni ya kula.

Sasa maji. Punje ya haragi inaonekana kavu muda mrefu kabla haijakauka. Kosa tunaloliona zaidi ni kuanika juu ya mabati: saa sita mchana bati linachoma, na mbegu ikipita nyuzi 40 kiini kinaanza kufa huku ganda likibaki zuri. Tandika mkeka au turubai, anika asubuhi, geuza kila saa, ondoa kwenye jua kali la mchana, na ingiza ndani kabla mawingu ya alasiri hayajashuka. Siku 3 hadi 5 za namna hiyo zinatosha, kama mvua inakubali. Isipokubali, tandaza tabaka jembamba ndani ya nyumba yenye upepo, mbali na mvuke wa jiko.

Kipimo cha chumvi hakigharimu kitu. Kausha chumvi kwenye sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka iwe vumbi linalotiririka, iache ipoe. Jaza robo ya chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ongeza maharagi mpaka nusu, funga, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, punje bado zina maji zaidi ya asilimia 15 na zinarudi juani. Isiponata, bado usishangilie: kopo linalofungwa kabisa linataka asilimia 12 hivi. Hapo kuna nyundo. Weka punje juu ya jiwe na uigonge. Ikipasuka vipande kama kioo, iko tayari. Ikibonyea, itaota ukungu ndani ya kopo. Kanuni ya wataalamu wa mbegu ni kwamba kila asilimia moja ya maji unayoipunguza inakaribia kurefusha uhai wa mbegu mara mbili. Basi siku mbili za ziada mkekani si kupoteza muda.

Halafu fukusi. Yule wa maharagi haanzii ghalani. Anataga mayai kwenye maganda yanayokaukia shambani, ndiyo maana kopo safi lililofungwa vizuri linaweza kufunguliwa baada ya wiki sita likiwa na punje zenye matundu ya mviringo. Kuchelewa kuvuna kunampa nafasi. Majivu yaliyochekechwa yanasaidia yakiwa mengi, si ya kunyunyiza: kipimo kinachojulikana kwa kunde ni makopo 3 ya majivu kwa makopo 4 ya mbegu, ili kila nafasi kati ya punje ijae na mdudu asiweze kutembea. Kopo lililojaa hadi mdomoni na kufungwa lisipitishe hewa linamkosesha pumzi. Na kuna njia ambayo watu huicheka mpaka waijaribu: viringisha bidoni, yaani dumu, lenye mbegu asubuhi na jioni. Kiluwiluwi kilichotoka kwenye yai ni kidogo mno, hakiwezi kutoboa punje bila kuegemea punje ya jirani, na kazi hiyo inakichukua kama siku nzima. Ukiviringisha, unamwondolea ukuta wa kuegemea. Anaanza upya, anachoka, anakufa.

Mboga nyingine kwa ufupi, maana meza ya leo ni ya maharagi. Nyanya: kamulia mbegu na uteute wake kwenye kikombe, funika kwa kitambaa, koroga mara moja kwa siku, acha siku 2 au 3. Ule ute ndio unaoizuia mbegu kuota ndani ya tunda. Ukungu mweupe juu si tatizo, lakini ukisahau hadi siku ya sita mbegu zitaanza kuota humo kikombeni. Osha, kausha juu ya sahani, kamwe si juu ya karatasi, zinanata. Lengalenga: ng'oa mchicha wa porini ulio karibu kabla haujachanua, la sivyo utavuna chotara wenye miiba. Maboga tunayapokea tu kwa mtu aliyefunga maua jioni na kuyachavusha kwa mkono asubuhi, kwa sababu nyuki haulizi mpaka wa shamba la jirani.

Mahindi hatupokei. Si dharau. Chavua yake inabebwa na upepo, na ili mbegu isidhoofike inataka mimea karibu 200 iliyopandwa pamoja. Bustani ya Bagira yenye mashina 15 haiwezi. Pia hatupokei mbegu ya tunda lililotoka kwenye chotara cha dukani, kile chenye alama F1 kwenye kopo: watoto wake hawafanani naye wala hawafanani wao kwa wao.

Lebo inachosha na ndiyo inayosahaulika. Jina liwe lile analolitumia mwenyewe, kwa Mashi, lugha ya hapa, au kwa Kiswahili. Mahali pasiandikwe "Bukavu" tu: andika mtaa, Panzi au Bagira, na kama ilitoka nje ya mji, kwa mfano kisiwa cha Idjwi, andika hivyo. Haragi la bonde la Ruzizi, chini ya mita 1,000, limezoea joto ambalo sisi wa mita 1,500 hatuna. Andika mwezi na mwaka wa kuvuna, na kama ni fupi au la kupanda juu. Na kwa kuwa haragi moja lina majina matano na jina moja lina maharagi matatu, bandika punje moja ya kila aina juu ya lebo yenyewe.

Juu ya rafu sasa kuna vitambaa vibichi vilivyokunjwa, kila kimoja na punje 50 ndani. Vinalowanishwa asubuhi, vinyevu bila kuchuruzika, na siku ya saba vinafunguliwa. Zilizoota 40 au zaidi: kifuko kinatoka kama kilivyo. Kati ya 25 na 39: inaandikwa juu yake "punje 3 kwa shimo badala ya 2". Chini ya 25, Mama aliyeleta anaambiwa kwa heshima, anarudishiwa kikombe chake, na anaonyeshwa jiwe na nyundo.