Cheki-apu ya mwili mzima si kipimo cha saratani

Ukilipia cheki-apu ya mwili mzima hapa Mombasa, mara nyingi unapimwa hesabu ya damu, sukari, mafuta, figo, ini, mkojo na presha. Ni vipimo vya maana sana kwa kisukari na shinikizo la damu. Saratani, kwa sehemu kubwa, havioni. Hesabu ya damu inaweza kuashiria saratani ya damu, na upungufu wa damu usioeleweka unapaswa kumfanya daktari aulize habari za utumbo. Lakini uvimbe wa sentimita moja ndani ya titi hauachi alama yoyote kwenye karatasi hiyo. Anayeambiwa yuko sawa na akaenda zake akiamini hana saratani amebeba matumaini ambayo kipimo hakikumpa.

Kuna pia wanaouziwa vipimo vya damu vya alama za saratani. CA-125, alama ya saratani ya ovari, hupanda kwa hedhi, mimba na hata uvimbe wa kawaida wa kizazi. CEA, inayohusishwa na saratani ya utumbo mpana, huwa juu kwa wavutaji sigara wasio na ugonjwa wowote. Vipimo hivi vinamfaa zaidi mgonjwa anayejulikana, ili kufuatilia kama dawa inafanya kazi. Kwa mtu mzima asiye na dalili, naona ni pesa ya bure, na baadaye huja skani na hofu za wiki nzima.

Kinachogundua mapema ni kipimo cha kiungo maalumu, kwa umri maalumu. Mfano bora ni mlango wa kizazi, kwa sababu hapo tunakamata hali kabla haijawa saratani. Virusi vya HPV huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani kwa mwenye kinga nzuri, na 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU huanza akiwa na miaka 25, na hurudia kila miaka 3 hadi 5. Sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe kwa brashi laini, nyuma ya pazia.

Vituo vingi hutumia siki. Nesi hupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja kamili, kisha hutazama kwa taa. Doa jeupe lenye kingo zinazoonekana wazi karibu na tundu ndilo linalotafutwa. Akiharakisha, doa halijajitokeza. Kwa mama aliyekoma hedhi kipimo hiki hupungua nguvu, kwani eneo linalotakiwa kuonekana limeingia ndani. Huyo aombe HPV. Usiende ukiwa kwenye hedhi, na siku mbili kabla usijamiiane wala kuweka dawa ukeni. Doa jeupe si lazima liwe saratani. Likifaa kugandishwa au kuchomwa, hutibiwa kwa dakika chache, mara nyingine siku hiyo hiyo.

Mdomo tunausahau, na hapa Pwani hatupaswi. Anayetafuna tambuu na popoo, iwe na tumbaku au bila, yuko hatarini. Mwambie daktari wa meno aangalie kila unapokwenda. Nyumbani toa meno ya bandia, shika tochi, vuta mashavu, inua ulimi, tazama pembeni mwake na chini yake. Doa jeupe lisilokwanguka, doa jekundu, au kidonda kinachopita wiki mbili kinataka hospitali. Vilevile mdomo usioweza tena kupitisha vidole vitatu vilivyopangwa wima.

Matiti: mamogramu kila miaka 2 kuanzia miaka 40. Kwa msichana, nyama ya titi ni nzito na huficha uvimbe, ndiyo maana hutumwa altrasaundi. Tezi dume: PSA, kipimo chake cha damu, hupanda kwa maambukizi ya mkojo, kumwaga manii au kuendesha baiskeli muda mrefu, kwa hiyo acha kumwaga manii na baiskeli siku mbili kabla. Finasteride, dawa ya tezi dume iliyovimba, huishusha karibu nusu, mwambie daktari kama unaimeza. Wanaume wengi wenye PSA ya juu hawana saratani, na wachache wenye saratani huwa na PSA ya kawaida.

Mwenye uvimbe, anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au anayekwama chakula kooni asingoje kambi ya bure ya kupima saratani ya Oktoba. Huyo anahitaji daktari sasa, na pengine kukatwa kinyama kipelekwe maabara, kwani hicho ndicho kinachothibitisha. Ukipewa rufaa ya kwenda Makadara, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, beba ripoti yenyewe, si maelezo ya mdomo. Na kila unapopimwa, uliza majibu yatatoka lini na nani atakupigia, kisha andikisha namba unayoipokea. Majibu ya HPV yanaweza kukwama ikiwa simu iliyoandikwa haipatikani.